Mstari wa Jina la Babu

Mpuguso, Tukuyu
12 Februari 1995

Mpendwa mpwa wangu Lugano,

Kabla ya salamu nitaje kosa ambalo watu wengi hulifanya, nisije nikalisahau katikati ya habari za nyumbani. Wanapotaka hesabu za hospitali tatu zisomeke kama za hospitali moja, huanza na karatasi. Huchapa fomu nzuri, wakaigawa kila mahali, wakaamini kwamba swali likiwa moja, jibu nalo litakuwa moja. Katika miaka yangu ya uganga msaidizi nimeona fomu nyingi zikiletwa kwa gari na kuishia kufungia karanga.

Sasa nikusalimu. Ugonile, mwanangu. Huku tumeamka, ndivyo naweza kusema. Mvua haijakatika tangu Krismasi. Yustina wangu anaumwa mgongo lakini bado anapalilia, na ukimkataza anakuuliza kama utapalilia wewe. Lusungu ameacha kupeleka kahawa kwenye chama cha ushirika. Anamuuzia mnunuzi binafsi anayekuja na gari lake na mizani yake. Siku hizi mwanangu huyo yuko barabarani kuliko nyumbani, akipeleka ndizi Mbeya, akishuka Kyela kufuata mchele. Mkewe Sekela ni mzima. Mtoto wao, yule aliyepewa jina langu, ameanza kusema. Anajua maneno mawili, "chai" na "toka", na kwa hayo anaendesha nyumba nzima.

Barua yako imefika. Unataka nizungukie hospitali tatu, ya mjini, ya misheni na ile ya mashamba ya chai, niwafundishe makarani kuandika habari za watoto wenye malaria kwa namna moja, ili mradi wenu ujue kama klorokwini bado inatibu, au mtoto anapewa leo na kurudi na homa ileile kabla mwezi haujaisha. Kazi hiyo naielewa. Leo hii ukizifungua rejesta zao utadhani ni za nchi tatu. Misheni homa ni ile iliyoonekana kwenye kipimajoto. Mjini ni ile aliyoisema mama. Kule kwenye chai ni mgongo wa mkono wa nesi. Umri mmoja anaandika kwa miezi, mwingine anaandika "mdogo". Na "amepona" mahali pengine maana yake homa imeisha, pengine maana yake kitanda kimehitajika.

Fomu yako nimeisoma mara kadhaa. Naona umeweka mstari wa jina la mtoto, jina la baba, na jina la babu mzaa baba. Ni sawa. Tangu kuchangia gharama kuanza, akina mama wanahama hospitali kila bei inaposikika imeshuka kwingine, na mtoto aliyetibiwa mjini akirudiwa na homa huenda akaonekana misheni. Majina matatu yatakusaidia kumtambua popote atakapotokea. Sina neno.

Nimechoka, Lugano, magoti yangu hayapendi tena mlima. Lakini nitakwenda.

Mjomba wako,
Anyosisye

*

Dar es Salaam
2 Aprili 1995

Shikamoo Mjomba,

Unisamehe kwa kimya. Barua yako ilikaa ofisi ya zamani. Tumehamia jengo lingine, na aliyekuwa akipokea barua amepunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Kila wiki mtu anaaga. Mimi mkataba wangu ni wa mradi, kwa hiyo napumua mpaka Septemba.

Mama hajambo, ila hili joto analichukia. Anakaa dirishani akilaumu kwamba ndizi za Dar ni za kupaka rangi. Anakusalimu wewe na wifi yake.

Fomu zinakuja vizuri, Mjomba. Homa sasa ni homa kwenye hospitali zote tatu, umri ni miezi, na mkuu wa mradi amekusifu mbele ya watu. Lakini kuna jambo moja. Katika wilaya nyingine watoto wengi waliopewa klorokwini wanarudi na malaria kabla ya mwezi kwisha. Rungwe hawarudi. Wanatibiwa, wanatoka, basi, kompyuta haiwaoni tena katika hospitali yoyote kati ya tatu.

Mkuu wa mradi amefurahi. Anasema mtoto ambaye hakurudi ni mtoto aliyepona, na kwamba hali ya hewa ya huko juu imeilinda dawa. Ndivyo ripoti itakavyosema: Rungwe klorokwini ibaki kuwa dawa ya kwanza, dawa mpya zipelekwe kwingine. Sina sababu ya kumbishia. Ila mimi nilizaliwa huko, na sikumbuki kama malaria ya kwetu ilikuwa na adabu hivyo. Unaonaje?

Mpwa wako,
Lugano

*

Mpuguso
28 Mei 1995

Mpendwa Lugano,

Tunaendelea. Ukungu umeanza kushuka mapema mwaka huu, na nguo zinakauka kwa siku tatu. Msalimie dada yangu Atuganile, umwambie mti wake wa parachichi umezaa. Mjukuu alirudiwa na homa mwanzoni mwa mwezi, akalazwa. Ametoka. Tuyaache hayo.

Swali lako lilinikalia kichwani. Watoto wa Rungwe hawaponi kwa wingi kuliko wa wilaya ya Mbozi. Hilo nililijua hata kabla ya kuvaa viatu. Kwa hiyo nilikwenda hospitali ya mjini, nikaomba kiti mapokezi, nikakaa kando ya karani asubuhi nzima. Nilitaka kuona fomu inavyojazwa nisipokuwa nafundisha.

Karani ni kijana mwema anayeitwa Prosper, Mhaya wa Bukoba, aliletwa huku na serikali na bado anavaa makoti mawili. Foleni ilikuwa imefika nje kwenye mvua. Akaja mama mmoja na mtoto mgongoni. Jina la mtoto alilitaja upesi. La baba vilevile. Kisha:

"Jina la babu mzaa baba?"

Mama anatazama vidole vya miguu yake.

"Mama, nakuuliza. Babu hana jina?"

"Analo."

"Anaitwa nani?"

"Ni huyo."

"Huyo yupi?"

"Huyo mwenye nyumba ya bati karibu na daraja."

Mwanamke mzima aliyekuwa nyuma yake akaona amevumilia vya kutosha. "Baba, usimtese mwenzio. Andika unavyojua, sisi tunalowa huku!"

"Nikiandika ninavyojua, mama, babu zenu wote watakuwa Wahaya."

Foleni nzima ikacheka, na yule mama akacheka pia, akapata nafasi ya kupumua. "Haya, andika Lukasi," akasema. Prosper akaandika Lukasi. Baadaye nikamuuliza yule mwanamke mzima Lukasi ni nani. Akaniambia ni fundi viatu wa sokoni. Ndilo jina la kwanza lililomjia.

Walifuata wengine. Mmoja alitaja jina la mchungaji. Mwingine alisema babu alikufa bila jina. Waliokuja na waume zao hawakupata shida, mwanamume alijibu mara moja. Ambao watoto wao wamepewa jina la babu, hao hata jina la mtoto walilibadilisha. Walitaja lile alilopewa na upande wa mama. Na kuna mmoja alifika mlangoni, akatazama ndani, akageuka na khanga yake kichwani akaondoka. Sikuuona uso wake.

Unajua sasa ninalosema, au umesahau? Kwetu tunaita ukutila. Mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe wake, hakutani naye njiani, wala jina lake halipiti kinywani mwake maisha yake yote. Kanisa limelegeza mengi, lakini hili akina mama wamelishika wenyewe. Sisi wanaume tunakua bila kuligusa, kwa sababu sisi tunayataja majina hayo bure tu. Ndiyo maana nilipoisoma fomu yako Februari nikakuandikia kwamba ni sawa.

Kwa hiyo angalia kinachotokea. Baba anampeleka mtoto mjini, anataja majina yote matatu kama yalivyo. Homa inarudi, baba hayupo, mama anampeleka misheni, anataja mengine. Kompyuta yako inaona mtoto wa kwanza amepona na mtoto mwingine ameugua. Zamani makarani walimtambua mtoto kwa kitongoji na kwa sura ya mama yake. Rejesta zilikuwa chafu, lakini mtoto alikuwa mmoja.

Usinisadiki mimi. Mwulize mama yako jina la babu yako mzaa baba.

Mjomba wako,
Anyosisye

*

Dar es Salaam
16 Julai 1995

Shikamoo Mjomba,

Nimechelewa tena, na safari hii si kosa la posta. Niliisoma barua yako nikaiweka kando wiki nzima. Kisha Jumapili, baada ya kanisa, nikamwuliza Mama huku nikijifanya naandika.

"Mama, babu mzaa baba yangu aliitwa nani?"

"Unamtaka wa nini? Alishakufa."

"Nataka jina tu."

"Si yule aliyetoa kiwanja cha kanisa."

"Najua alitoa kiwanja. Jina lake?"

"Lugano, wewe humjui babu yako? Unalibeba jina lake kwenye cheti cha shule!"

"Nalijua. Nataka ulitaje wewe."

Akaniangalia kama niliyemwomba avue nguo. "Nenda kamwulize mjomba wako," akasema, akaingia chumbani. Mjomba, miaka ishirini yuko hapa Dar, babu mwenyewe alikufa mimi sijaanza shule, na bado hakulitaja.

Ule mstari niliuweka mimi. Wenzangu walitaka jina la kitongoji na tarehe ya kuzaliwa tu. Nikasema mimi ni wa huko, najua watu wa kwetu, majina yanafanana, tuweke la babu. Walinisikiliza kwa sababu mimi ni wa huko.

Nimemweleza mkuu wa mradi. Alisikiliza vizuri sana. Akasema ni habari ya kuvutia, kisha akasema ni habari ya mapokezi ya asubuhi moja, na huwezi kufuta takwimu za wilaya kwa sababu ya foleni. Amesema nimletee mtoto mmoja, mmoja tu, ambaye naweza kuthibitisha kwamba yumo mara mbili.

Mama anauliza kila siku mjukuu wako alilazwa hospitali gani. Hukusema, Mjomba, wala hukusema anaendeleaje. Umeandika habari za parachichi.

Mpwa wako,
Lugano

*

Mpuguso
6 Agosti 1995

Lugano, mwanangu,

Baridi ya mwaka huu inatumaliza. Yustina amelala siku mbili, leo ameamka. Lusungu yuko nyumbani, ameacha safari za Kyela kwa muda. Dada yangu namshukuru kwa kuuliza, ndaga fijo.

Mkuu wako anataka mtoto mmoja. Ninaye. Sikutaka kukuandikia, kwa sababu jambo likishaandikwa inabidi ulisome.

Mwezi wa nne Lusungu alimpeleka mwanawe hospitali ya mjini na homa. Akamwandikisha mwenyewe: Anyosisye Lusungu Anyosisye. Akapewa klorokwini, homa ikashuka, wakarudi. Lusungu akashuka Kyela. Haikupita wiki mbili homa ikarudi, na asubuhi hiyo Sekela akambeba mtoto kwenda mjini. Mengine niliyapata polepole, kwa njia ninayoweza kuyapata mimi: mimi nimekaa barazani, Sekela yuko jikoni nyuma ya ukuta, na Yustina amesimama mlangoni katikati yetu.

"Sekela," Yustina akaita, "mzee anauliza, siku ile ulifika mjini?"

"Mwambie nilifika, mama."

"Mbona hukumwandikisha mtoto?"

Nikasikia sufuria inasogezwa. "Mwambie pale mezani palikuwa na mtu."

"Si karani?"

"Na mwingine."

Yustina akanigeukia. "Ni wewe, mzee. Ulikuwa umekaa pale kama hakimu wa mahakama ya mwanzo."

Kisha nikamwambia, "Mwulize misheni alimwandikishaje."

Sekela hakusubiri swali lizunguke. "Jina alilopewa na kwetu! Nsajigwa. Na babu nikamtaja baba yangu. Ningesemaje, mama? Nifungue kinywa mbele ya watu, nimtaje huyu?"

"Wangekuuliza baba yako ni nani, ungetaja?"

"Ningemtaja yeye, na ukoo wake, na ng'ombe wake mmoja mmoja!"

Tulicheka watatu, kila mtu upande wake wa ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka katika nyumba hii tangu mwezi wa tano.

Kutoka mjini mpaka misheni ni kupanda, na mvua ile nilikuandikia. Alifika mchana umeshapita, mtoto ameshaanza degedege. Walimtundikia dripu ya kwinini, wakafanya kazi njema, sina la kuwalaumu. Mtoto yuko hai. Anatembea, anakula, anamfuata mbuzi. Lakini maneno yake hayajarudi. Yale mawili hayapo. Ukimwita anageuka, anakutazama, anangoja. Nimetibu watoto wa namna hii. Wengine husema tena baada ya mwaka, wengine hawasemi. Sekela hajui kwamba nalijua hilo.

Kwenye kompyuta yako sasa wako watoto wawili. Mmoja alitibiwa mjini, hakurudi, amepona kwa klorokwini. Mwingine alitokea misheni, hana historia ya dawa. Ni mtoto mmoja, na yuko hapa uani. Lusungu ametia saini, Sekela ametia kidole gumba, misheni wametoa nakala ya faili. Vyote nimeviambatanisha.

Na dawa ya fomu yako ni rahisi. Mwulize mama yale anayoweza kuyasema: jina lake yeye, jina la baba yake yeye, na mtoto huyu ni wa ngapi tumboni mwake. Hayo atayasema hospitali zote tatu, jua au mvua, kwa namna moja, hata baba mkwe akiwa amekaa mezani.

Mjomba wako,
Anyosisye

*

Dar es Salaam
27 Agosti 1995

Shikamoo Mjomba,

Barua hii nampa dereva wa basi, isipite posta. Mpe pole Sekela. Mama amelia, kisha amenituma nikutumie khanga mbili za kumpa Sekela. Ziko kwenye kifurushi.

Mkuu ameyasoma yote. Fomu za mwaka ujao zitakuwa na mistari yako mitatu, ameshakubali. Lakini ripoti ya mwaka huu anasema itoke kama ilivyo, kwa sababu mtoto mmoja ni mmoja, na wafadhili wanaisubiri. Anataka nitie saini ukurasa wa Rungwe, ule unaosema waliotibiwa na hawakurudi "wamepona". Nikisaini, mkataba mpya uko mezani kwake. Nikamwuliza, nisiposaini je? Aliangalia dirishani.

Najua si wote wako mara mbili. Wengine kweli wamepona. Siwezi kuwatenganisha, ingenibidi nipite kijiji kwa kijiji, Masoko hadi Matwebe, na muda huo sina. Nina mama na watoto ndani ya nyumba ya kupanga. Nimekaa na kalamu siku tatu. Niambie nifanye nini, Mjomba. Ripoti inaondoka mwisho wa wiki ijayo.

Lugano

*

Mpuguso
30 Agosti 1995

Lugano, mwanangu,

Dereva anarudi mchana huu, kwa hiyo salamu ni fupi: tupo. Sekela amejifunga khanga moja tangu jana.

Sikuambii ugombane na mkuu wako. Sikuambii uache kazi. Najua bei ya mchele, na namjua dada yangu. Wala huwezi kuwatafuta watoto wote kwa wiki moja, usijitese kwa hilo. Umeniuliza kama mtu aliyeambiwa achague kati ya kusema dawa inafanya kazi na kusema haifanyi. Hilo huwezi kulisema kwa upande wowote, na hakuna aliyekupa kazi ya kulisema. Kazi yako ni kuandika yale mradi unayoyajua. Hospitali zetu zitasoma ukurasa huo na kuwapa watoto dawa kufuatana na neno lililoko hapo. Wakisoma "wamepona" watalala. Wakisoma kwamba hakuna anayejua, mganga mmoja pale mjini atamwambia mama amrudishe mtoto baada ya wiki, aangaliwe.

Mkuu akikasirika, utakasirikiwa. Kitanda kipo hapa, na kazi ya kupalilia haijaisha.

Barua hii itakufikia asubuhi. Siku hiyohiyo, kabla hujanywa chai ya ofisi, fungua ukurasa wa Rungwe, futa neno "wamepona", andika "hatujui", kisha utie saini.

Mjomba wako,
Anyosisye